Shangazi na tausi wawili

Sebuleni kwa shangazi yangu, juu ya TV, kuna picha yake kubwa ya studio. Nyuma yake yanamwagika maporomoko ya maji ya buluu ambayo hayapo popote duniani, pembeni tausi wawili, juu mawingu ya zambarau, na yeye mwenyewe katikati anang'aa kama sufuria mpya, kitenge kimekolezwa rangi mpaka macho yanauma. Vijana wakiingia wanacheka chinichini, na kama kuna mmoja ana kamera ya bei basi ndo mahubiri yanaanza, eti picha imeharibiwa, eti siku hizi watu hawajui kupiga picha wanajua kuediti tu, picha nzuri ni ile ya asili.

Mimi niko upande wa shangazi. Sio kwa kila kitu, ila niko upande wake.

Kwanza tuulizane, hiyo picha imemdanganya nani? Sijawahi kusikia mgeni hata mmoja akimuuliza nauli ya kwenda kule kwa tausi ni shilingi ngapi. Kila mtu anajua ni pambo, kama vile bibi harusi anavyopakwa hina na hakuna anayesema amezaliwa na maua mikononi. Na sio jambo la juzi wala la Photoshop, maana Photoshop ya kwanza imetoka 1990 wakati kule Lamu mpiga picha Omar Said Bakor alishakuwa anaunganisha picha kwa mikono yake miaka mingi kabla ya hapo, na miaka hiyo ya 90 pale kwenye feri ya Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, unasimama mbele yake na viatu vyako vya vumbi unapigwa kama msafiri. Alafu Ufaransa kuna jamaa wawili, Pierre et Gilles, tangu 1976 mmoja anapiga picha mwenzake anapaka rangi juu yake, maua, nyota, ngozi inayoteleza kama kauri, na kazi zao zinatundikwa makumbusho. Mpiga picha David LaChapelle wa Marekani naye rangi zake zinachoma kuliko kitenge cha shangazi. Wao wakifanya ni sanaa, fundi wa Kariakoo akifanya ni ushamba. Haya.

Picha ninayoiogopa mimi ni ile iliyotulia. Mwaka 2011 Uingereza mamlaka ya matangazo ilipiga marufuku tangazo la vipodozi vya Lancôme lenye sura ya mwigizaji Julia Roberts kwa sababu kampuni ilishindwa kuonyesha kwamba ngozi ile ilitokana na kipodozi na sio kompyuta. Tangazo lenyewe halikuwa na tausi wala mawingu ya zambarau, mwanamke tu katulia anaonekana wa kawaida kabisa, na hapo ndipo mtu anapojilinganisha naye kwenye kioo cha bafuni na kuona yeye ndo mwenye kasoro. Wafaransa nao tangu Oktoba 2017 tangazo ambalo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imefanyiwa marekebisho, faini ni euro 37,500. Angalia walichokigusa: umbo la mtu. Ukimwekea mwanamitindo mbingu ya kijani na farasi mwenye mbawa sheria hiyo haina habari na wewe, ukimpunguza kiuno kimyakimya una kesi.

Sasa hili neno "asili" ndo linanikera zaidi, maana linachukulia kwamba kamera ikiachwa yenyewe inasema kweli. Kuna namba moja huwa nairudia rudia kichwani, 42. Polaroid, kampuni ya Marekani ya kamera, walikuwa na mashine yao ya ID-2 ya kupiga picha za vitambulisho, ikatumika Afrika Kusini enzi za ubaguzi kwenye vile vitabu vya pasi walivyolazimishwa watu weusi kutembea navyo, na ilikuwa na kitufe cha kuongeza mwanga wa flashi kwa asilimia 42. Ukipiga hesabu za wapiga picha hiyo asilimia 42 ni nusu stopu tu (stopu ndo kipimo chao cha mwanga), yaani kitu ambacho leo mtoto anakifanya kwenye simu kwa kusukuma slaida kidogo na hajui amefanya nini. Nusu stopu ndo ilikuwa tofauti ya uso mweusi kuonekana na uso kuwa kivuli chenye meno. Kwa hiyo anayesema acha picha ilivyotoka anasahau kwamba filamu na mashine ziliwekwa sawa kwa ngozi nyingine, na mafundi wetu walijifunza kuongeza mwanga kwa sababu bila hivyo wateja walikuwa wanatoka kama mkaa. Lakini pia ndo nusu stopu ileile iliyomsaidia askari kumtambua mtu na kumkamata, mpaka wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Marekani wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni 1970 na kampuni ikaondoka Afrika Kusini 1977. Kwa hiyo mwanga peke yake hauna dini.

Na hapa ndo wale wa asili wananipata. Kuna kuongeza mwanga na kuna kumhamisha mtu. Ukipandisha mwanga wa picha nzima, shati nyeupe inapanda, ukuta unapanda, mtu anapanda, uwiano unabaki. Lakini fundi mvivu anafungua Lightroom, ile programu ya kuediti picha, anakwenda kwenye rangi ya chungwa ambayo ndo imebeba ngozi zetu karibu zote, anapandisha mng'ao wake peke yake. Shati inabaki palepale, ukuta palepale, mtu pekee ndo anahama rangi. Hiyo sio kukoleza, ni kuchubua bila krimu, na mteja hajaomba.

Wana hoja nyingine nzito zaidi na sina jibu lake zuri. Ukitokea msiba inatafutwa picha ya marehemu ya kuweka kwenye fulana na kwenye ratiba ya mazishi, na unakuta kila iliyopo imesmuthiwa, vinyweleo hakuna, kovu la utotoni hakuna, mikunjo ya kucheka imefutwa. Watoto wake wanaikodolea macho na wanaishia kuchukua pasipoti saizi ya zamani yenye muhuri mdomoni, kwa sababu ile angalau ni mama.

Shangazi alipoletewa ile picha yake ya tausi mara ya kwanza, ndani yake alikuwa mweupe kama mgonjwa, alama ya shavuni imefutwa. Akaibeba mwenyewe mpaka studio akamwambia kijana wa watu, mwanangu, tausi waache, maji yaache, nirudishie rangi yangu na alama yangu, hiyo nilikatwa na bati nikiwa darasa la pili. Kijana akarekebisha hazikufika dakika kumi, alafu akamlipisha tena hela ya kuprinti.