Watoto wanne wa Mayflower: Samuel More alikuwa na haki?

Kwa miaka mingi Richard More, mmoja wa abiria wa Mayflower, meli iliyovuka Atlantiki mwaka 1620 ikiwapeleka walowezi Waingereza Amerika, alidhaniwa kuwa yatima wa mitaani London. Mwaka 1959 ikapatikana hati ya mwaka 1622 katika makaratasi ya ukoo wa More, nayo ikageuza kisa kizima. Richard na ndugu zake watatu walikuwa na baba na mama walio hai, tena wa ukoo wenye ardhi huko Shropshire, Uingereza.

Chanzo kilikuwa mali. Mwaka 1611 Samuel More, kijana wa miaka 17 hivi, aliozwa Katherine More, ndugu yake wa mbali aliyemzidi umri kwa miaka kama minane, ili shamba la Larden lisitoke ndani ya ukoo. Kwa muda mfupi wakazaliwa Elinor, Jasper, Richard na Mary. Samuel, aliyekuwa katibu wa Lord Zouche, kabaila wa Uingereza, akadai kuwa wengi wao wamefanana sura na umbo na Jacob Blakeway, mtu wa jirani. Akawaondoa kwenye mirathi, akawachukua kwa mama yao na kuwaweka kwa wapangaji wa baba yake, na mwaka 1620 akawatoa wote wanne wapelekwe Amerika kwa Mayflower. Katherine alijitetea kwamba yeye na Blakeway walikuwa wameahidiana ndoa kabla hajaozwa, lakini hakuweza kulithibitisha hilo.

Wanaomtetea Samuel wana hoja za kusikilizwa. Zama hizo kumtoa mtoto akatumikie watu kwa mkataba lilikuwa jambo la kawaida, na jiji la London lilikuwa limeanza kupeleka watoto maskini Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika. Alilipa pauni 100, akaahidiwa kuwa kila mtoto atapewa ekari 50 za ardhi baada ya miaka saba, na waliowapokea, William Brewster, John Carver na Edward Winslow, viongozi wa wasafiri hao, walikuwa watu wa kuheshimika. Mtoto aliyeitwa haramu Shropshire angebeba aibu hiyo maisha yake yote.

Hata hivyo, hati yenyewe aliitoa Samuel kujibu malalamiko ya Katherine mahakamani. Humo inaelezwa kuwa mama huyo, kwa hasira, aliwararua watoto nguo mwilini. Samuel alitaka tuione kuwa ghadhabu ya mwanamke mbaya. Mimi namwona mama anayeng'ang'ania wanawe huku mtu mwingine akiwavuta. Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria iliwahesabu watoto hao kuwa wa Samuel kwa sababu walizaliwa ndani ya ndoa. Alitumia mamlaka ya baba kuwafukuza kwa madai kwamba yeye si baba. Hata kama Blakeway ndiye aliyewazaa, mtoto wa miaka minne alikosa nini hata apandishwe meli bila mama yake?

Kipupwe cha kwanza huko Amerika kiliua karibu nusu ya abiria. Elinor, Jasper na Mary walikufa. Richard peke yake alibaki, akawa nahodha, akakaa Salem, Massachusetts. Naye hakuwa malaika: alioa London huku ana mke Massachusetts, na mwaka 1688 kanisa la Salem lilimtenga kwa uzinzi, likamrudisha alipotubu.

Leo wazawa wake hujivunia nasaba inayofika hadi kwa Malcolm III, mfalme wa Scotland. Nasaba hiyo inapitia kwa Katherine, mwanamke yuleyule aliyenyang'anywa watoto, kwa hiyo ugomvi wa baba hauigusi. Pale penye jina la baba, anayechora mti wa ukoo huu na kumwandika Samuel peke yake anafuata sheria ya wakati ule. Anayemwandika Blakeway peke yake anafuata neno la mume aliyekuwa na mali ya kulinda. Majina yote mawili yaandikwe, na alama ya kuuliza iachwe hapohapo.