Filamu namba moja duniani, kiingilio 500

Deni langu la viazi lilianzia kwa mzee wa kahawa, jioni ya Jumatatu, na aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Pale kijiweni kwetu Temeke ubishi una ratiba. Simba na Yanga zikiwa zimecheza, ni Simba na Yanga mpaka kahawa iishe. Zisipocheza, ni siasa. Siku hiyo siasa ziliisha mapema, fundi simu akatupa neno kwamba dunia hii haijawahi kutoa filamu kali kama Komando ya Schwarzenegger, ile ya 1985. Akasimama kabisa kutuonyesha stelingi anavyomrushia adui bomba la chuma, linamtoboa, mvuke unatokea upande wa pili. Mzee wa kahawa akatikisa kichwa huku anasuuza vikombe.

"Nyie hamkuiona Sholay ya Kihindi. Mimi niliiona pale ukumbi wa Avalon, nimevaa bugaluu. Saa tatu na ushee mmekaa, hakuna anayetoka kwenda kukojoa. Treni imo, farasi wamo, nyimbo zimo, mtu anakatwa mikono yote miwili. Sasa hivi kuna nini?"

Mtu mwenye akili hapo angeagiza kashata akanyamaza. Mimi nikasema, "Hizo zote mbili hazimo kwenye listi ya juu."

"Listi ya nani?"

Basi nikamwaga. Kwamba kule Uingereza kuna jarida linaitwa Sight and Sound, ni la taasisi yao ya filamu, na tangu 1952, kila baada ya miaka kumi, linawaandikia wahakiki wa filamu wa nchi mbalimbali. Kila mmoja anataja kumi zake, kura zinahesabiwa, mshindi anatangazwa. Mara ya kwanza ilishinda filamu ya Kiitaliano ya baba aliyeibiwa baiskeli. Uchaguzi uliofuata, wa 1962, Citizen Kane ya Orson Welles ikakalia kiti, ikatolewa 2012.

"Miaka hamsini?" fundi simu akauliza. "Hicho ni chama tawala."

Nikaendelea, maana mwalimu akipata darasa hasikii kengele. 2012 ikashinda Vertigo ya Hitchcock. 2022 wakapiga kura wahakiki zaidi ya 1,600, na safari hii wakaiweka juu Jeanne Dielman, filamu ya 1975 ya dada mmoja wa Ubelgiji, Chantal Akerman, ambaye alipoitengeneza hata miaka 25 alikuwa hajatimiza. Nikataja na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, kwamba imo ndani ya mia bora, ili wasiseme nashabikia Wazungu tu.

"Watu elfu moja na mia sita," mzee wa kahawa akasema taratibu, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi." Kisha akakumbuka kitu. "Umesema 1975? Sholay nayo ni 1975. Ina maana zimetoka mwaka mmoja, zikashindana, na hiyo ya Kibelgiji ikampiga Amitabh? Ndani ina nini?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeiangalia. Nilikuwa nayo kwenye flashi mwaka mzima. Niliwahi kuifungua, nikaangalia dakika kumi, simu ikaita, nikaenda moja kwa moja. Ila nilikuwa nimesoma habari zake mpaka ningeweza kuitetea mahakamani.

"Ina kila kitu," nikasema.

Mwenye kibanda umiza alikuwa pembeni anakunywa kahawa yake kimya. Jumanne hakuwa na mpira wa kuonyesha, na siku isiyo na mpira, viti vyake vya plastiki vinakaliwa na paka.

"Kuna mtu anakufa?" akaniuliza.

"Yupo. Anachomwa mkasi."

"Nani anamchoma?"

"Mama mwenye nyumba."

Akamwaga machicha chini. "Kesho lete flashi."

Kesho yake saa kumi na moja jioni ubao ulikuwa umeshasimama barabarani, chaki ya njano: LEO SAA 2 USIKU. FILAMU NAMBA 1 DUNIANI. MAMA MUUAJI. MKALIMANI YUPO. 500/=.

Mkalimani ni mimi. Filamu inazungumzwa Kifaransa, maandishi ya chini Kiingereza, na watazamaji wetu wamekulia kwa Lufufu na DJ Afro, wakalimani ambao hata farasi wakimpa maneno unaona kweli farasi kasema. Nikakabidhiwa maiki iliyofungwa gundi ya umeme, nikajisikia mkubwa.

Waliingia watu 34. Mmoja hakulipa, mzee wa kahawa, aliyekaa mbele kabisa kama hakimu. Dakika ya mwisho mvua ya rasharasha ikaanza, na mama anayekaanga chipsi pale nje akaingia na ndoo yake ya viazi, beseni la maji na kisu, akaketi kwenye kreti ya soda karibu na mlango. Yeye hakuja kuangalia filamu. Alikuja kumenya viazi pasiponyesha.

Filamu ikaanza. Mama mmoja wa makamo, nadhifu, yuko jikoni kwake Brussels. Kuna sufuria kwenye moto. Kengele ya mlango inalia, anakwenda kufungua, anaingia mwanamume. Mama anampokea kofia na koti, wanaelekea chumbani, mlango unafungwa.

Kibanda kikaamka. "Eeeh!"

Hapo nikakumbuka kitu nilichosoma nikakisahau: huyu mama ni mjane, na mchana anapokea wageni wanaolipa. Na mstari wa pili walikuwepo watoto wawili waliopenya chini ya turubai.

"Huyo ni mjomba wake," nikasema kwenye maiki. "Amekuja kuwasalimia."

Mlango ukafunguliwa. Mjomba akavaa koti, akatoa noti, akaondoka. Mama akazipeleka noti mezani, akafunua bakuli kubwa la supu, akazitumbukiza, akafunika.

"Mjomba mwema," fundi simu akasema kwa sauti ya msibani.

Baada ya hapo, kimya. Sijawahi kuona watu wasiozungumza kama wale. Mkalimani anaishi kwa maneno ya watu wengine, na huyu mama hasemi. Anaoga. Anasugua bafu. Anatandika meza. Nami maiki ninayo mkononi, watu wananigeukia, nimelipiwa mia tano.

"Mama anasugua bafu," nikatangaza.

Bafu likaendelea kusuguliwa.

"Bado anasugua."

Kitu kimoja tu kiliwavutia saa ya kwanza. Kila akitoka chumba kimoja kwenda kingine, anazima taa. Akiingia anawasha, akitoka anazima, hata kama anarudi baada ya dakika moja. Mzee wa kahawa akapiga paja. "Huyu mama anaijua LUKU! Wanangu mie wangekuwa hivi!" Akapigiwa makofi. Nikadhani nimepona.

Mtoto wake akarudi, kijana mrefu, wakala supu bila kuongea. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili mama akaamka gizani, akapiga brashi viatu vya mwanaye. Viatu vyote viwili, kisigino, ubavu, kisigino tena. Nyuma mtu akauliza kwa adabu kabisa:

"Samahani mkalimani, stelingi ni nani?"

"Huyo mama."

"Na adui?"

Nikafikiri. "Bado hajatokea."

"Atatokea saa ngapi?"

Nilikuwa nimeshachungulia kwenye simu. Filamu ina dakika 201. Tulikuwa hatujafika hata nusu.

Mjomba wa pili alipobisha hodi, kibanda kizima kikasema "Mjombaaa!" kwa pamoja, na wale watoto ndio waliokuwa na sauti kubwa. Huyu akakaa chumbani. Akatoka, akalipa, akaenda zake. Ndipo mama akaingia jikoni, akafunua sufuria ya viazi, akasimama. Akaibeba, akatembea nayo bafuni, akarudi nayo jikoni, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa asijue ampeleke kwa nani.

"Vimerojeka," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa mama wa chipsi. Kisu kimesimama hewani, kiazi nusu.

"Kaviacha motoni. Huyu? Huyu haachi viazi. Kuna kitu."

Nilitaka kumwambia wahakiki 1,600 nao waliona hicho hicho, ila sikupata nafasi. Mama wa Brussels alikwenda kuchukua viazi vingine, akaketi, akaanza kumenya upya. Kamera haisogei. Kiazi kinazunguka, ganda linaanguka.

"Anamenya kiazi," nikasema.

Kimya.

"Anamenya kingine."

Nyuma kiti kikaanguka. Fundi simu alikuwa amesimama. "Mimi nimetoka nyumbani," akasema, na alikuwa anatetemeka kidogo, "mke wangu anamenya viazi. Bure. Nimekuja hapa nimelipa mia tano kuangalia mke wa mtu anamenya viazi. Na hakuna hata chipsi!"

Wakainuka wote. Hawakuwa na hasira ya kupiga mtu, nashukuru, ilikuwa hasira ya mtu aliyeuziwa simu ya sabuni. Mwenye kibanda akasimama mlangoni na kisanduku, akawarudishia watu 29, mia tano mia tano, na kila noti ikitoka alikuwa ananitazama mimi. Nikapiga hesabu: 14,500. Mfukoni nilikuwa na elfu mbili na kitambulisho.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuzima. Nadhani aliogopa kumkatisha mama wa chipsi, ambaye hakujali fujo yote ile zaidi ya kusema, "Kaeni au tokeni, mnaniziba." Alikuwa amevuta kreti yake katikati. Mvua ilishakatika na wateja wake nje walikuwa wanaita, akawajibu hakuna chipsi. Nami nikaweka maiki chini, nikawa namwangalia yeye. Kiazi cha kwenye skrini kinazunguka, cha kwake kinazunguka. Mama wa Brussels akipumzika, naye anapumzika. Sidhani kama alijua.

Siku ya tatu mambo ya yule mama yakaanza kuharibika moja moja. Brashi ya viatu ikamponyoka. Kahawa ikamshinda ladha, akaimwaga, akapika nyingine. Kila kosa mama wa chipsi alilipokea kwa "Mmh," na kila "Mmh" ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Kisha kifurushi kutoka kwa ndugu aliyeko Kanada kikafunguliwa, mama akaenda kuchukua mkasi, akakata kamba, akatoa gauni la kulalia.

"Mkasi," akasema mama wa chipsi.

"Naam?"

"Hajaurudisha. Kauacha chumbani. Baba, mtu anayezima taa kila mlango, leo kauacha mkasi chumbani?"

Kengele ya mlango ikalia. Mjomba wa tatu.

Na hapo, Mungu ni shahidi, kimashine cha LUKU ukutani kikaanza: tii, tii, tii. Nikamtazama mwenye kibanda. Akanitazama. "Elfu moja ya umeme," nikamwomba, "dakika kumi na tano tu zimebaki, mtu anauawa sasa hivi." Akasema kwa usiku ule ameshanipa vya kutosha. Nikatoa simu ninunue mwenyewe. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Ujumbe wa tokeni ulikuwa bado haujaingia skrini ilipozima.

Giza. Tulikuwa watu wanne na mzee wa kahawa, aliyekuwa amelala tangu viatu.

"Shangazi," nikasema, "nikumalizie? Mwishoni yule mama—"

"Hata usiniambie," akanikata mama wa chipsi. Nikasikia kisu kinawekwa kwenye beseni. "Najua atakachofanya. Na akishafanya atakaa tu kitini, hatakimbia. Ataenda wapi?"

Nilikuwa nimesoma kwamba filamu inaishia hapo hapo, mama ameketi mezani gizani dakika kadhaa. Nikanyamaza.

Zile 14,500 alizilipa yeye, palepale, akizihesabu kwa mwanga wa simu yangu. Mwenye kibanda akaridhika. Mimi nikaambiwa, "Kesho saa kumi alasiri, uje na kisu chako." Wiki nzima, ndoo mbili kwa siku.

Kwa hiyo sasa nakaa kwenye kreti ile ile, nimetazamana na kijiwe. Mzee wa kahawa ametangaza listi yake ya kumi bora, ambayo Sholay imeshika namba moja, na namba mbili, na wengine wote wanagombania kuanzia tatu. Akipita na birika ananiuliza kama nimepata mkataba Ubelgiji. Shangazi haongei sana. Juzi alichukua ganda langu kwenye beseni, akaliinua kwenye mwanga.

"Nene. Yule mwenzio alikuwa anatoa jembamba." Akalirudisha. Baadaye kidogo, bila kuniangalia: "Yule mjomba wa pili alikaa sana. Ndiyo maana viazi vikarojeka. Viazi havirojeki vyenyewe."

Nilikuwa nataka kumjibu kitu, lakini ng'ambo ya barabara fundi simu alikuwa amesimama na kikombe chake, kijiwe kizima nyuma yake.

"Mkalimani! Stelingi anafanya nini saa hizi?"

Nikatumbukiza mkono kwenye ndoo.

"Anamenya kingine."