Kompyuta katika darasa la mamia: tatizo ni alama

Mhadhiri wa kemia ya mwaka wa kwanza hapa Dar es Salaam, mwenye wanafunzi mia nne, hawezi kusahihisha zoezi kila wiki. Hutoa testi chache kwa muhula, na karatasi zinaporudi mada imeshapita. Ndiyo maana upimaji endelezi kwa kompyuta, yaani maswali mafupi ya kumwonyesha mwanafunzi alipokosea mapema, unavutia.

Chukua swali hili: gramu 5.85 za chumvi ya mezani zimeyeyushwa hadi mmumunyo ukafika mililita 250. Molariti yake, yaani idadi ya moli katika kila lita? Ni 0.4. Aliyeandika 0.0004 hakugeuza mililita kuwa lita, aliyeandika 0.1 ameishia kwenye moli, hakugawanya kwa lita. Programu ya masomo ya mtandaoni kama Moodle inaweza kuandaliwa kuyatambua makosa yote mawili na kumjibu kila mmoja kwa kosa lake, hata saa tano usiku akiwa Mabibo hosteli. Msahihishaji aliyechoka huweka mkasi tu na kufunua karatasi inayofuata.

Kujipima kwenyewe kuna faida. Katika utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006, baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya walichosoma. Waliorudia kusoma, 42. (Na hao walitumia karatasi, bila hata kusahihishiwa.)

Wapingaji hutaja bando na umeme. Ni kweli, ila maabara ya kompyuta na muda wa siku kadhaa hupunguza adha hiyo. Hoja yao nzito ni nyingine: mashine huona jibu, haioni njia. Mwanafunzi anayekariri kanuni bila kuielewa hupita salama.

Mimi naogopa zaidi alama. Zoezi likishaingizwa kwenye kosiweki, yaani alama za muhula zinazohesabiwa kwenye matokeo, limegeuka mtihani. Hata kila mtu akipewa swali lenye namba tofauti, anayejua hukokotolea kundi zima la WhatsApp, na mhadhiri hubaki na jedwali la alama nzuri lisilomwambia nani hajaelewa. Ukiziondoa kabisa, nakubali, wengi hawatalifungua. Ningetoa alama moja ya kujaribu, iwe amepata au amekosa.

Linabaki suala la nani atatunga. Swali lenye maelezo kwa kila kosa hutaka mtu aliyewahi kusahihisha makosa hayo, tena mwenye muda. Na mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa makala za utafiti kuliko kwa benki ya maswali.