Injini moja au mbili: rubani wa helikopta za jeshi aanzie wapi?

Mwaka 2013 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kuiondoa TH-67, helikopta ya mafunzo ya injini moja iliyotokana na Bell 206, na kuwahamishia wanafunzi kwenye UH-72A Lakota yenye injini mbili. Mwaka 2018 Uingereza nayo ikaiweka kando Squirrel ya injini moja na kuingiza Juno ya injini mbili. Sasa Wamarekani wanatafuta njia ya kurudi kwenye injini moja, na wapo wanaosema huko ni kurudi nyuma. Ukiupima mjadala huu kwa joto na mwinuko wa Mwanza, injini moja inastahili kusikilizwa zaidi ya inavyosikilizwa.

Hoja za injini mbili si nyepesi. Rubani wa jeshi mara nyingi ataishia kwenye mashine kubwa yenye injini mbili, otopailoti na skrini, kwa hiyo azizoee mapema. Na juu ya maji injini ya pili ni uhai. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, walikufa watu zaidi ya 200. Helikopta ya uokoaji mahali kama pale hulazimika kuelea hewani palepale juu ya maji huku mwokoaji akiwa kwenye waya wa winchi. Injini pekee ikizimika hapo, mashine inaingia ziwani. Tena mazoezi ya kushuka bila injini yamevunja skidi (vyuma ambavyo helikopta hutulia juu yake) na mikia mingi, na kila ajali ya darasani ina gharama yake.

Lakini hayo yanahusu helikopta ya kazi. Mwanafunzi anahitaji kwanza mikono na miguu inayojua la kufanya kabla kichwa hakijamaliza kufikiri, na hilo hujengwa kwa autorotesheni, yaani kushuka huku mapanga yakizungushwa na hewa inayopanda badala ya injini.

Chukua Bell 206. Injini inapokata, pua inavutwa kushoto. Mguu wa kulia unasukuma pedali. Wakati huohuo mkono wa kushoto unateremsha kolektivu, wenzo unaobadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja, hadi chini, kwa sababu mzunguko wa mapanga huanza kuporomoka mara moja. Kwenye helikopta ndogo yenye mapanga mepesi, kama Robinson R22, rubani ana takriban sekunde moja tu. Kisha mwendo uwekwe karibu noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa), na macho yarudi kila mara kwenye kipimo cha mzunguko, kisishuke chini ya asilimia 90 ya mzunguko wa kawaida wala kisipite 107. Ukianzia futi 500 kutoka ardhini, una kama sekunde 20 tu. Karibu na ardhi unainua pua kupunguza mwendo, unailaza tena, halafu unavuta kolektivu kutumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga. Ukivuta mapema, nguvu inaisha ungali juu na mashine inadondoka. Ukichelewa kulaza pua, mkia ndio unaogonga kwanza.

Kwenye Lakota zoezi hilo halifikishwi hadi kugusa ardhi; nguvu ya injini hurudishwa kabla. Kwa hiyo mwanafunzi hukosa sekunde zile za mwisho, ambazo ndizo ngumu kuliko zote.

Hapa kwetu sekunde hizo ni ngumu zaidi. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 6,200. Kipimo kikisoma noti 60, mwendo halisi hewani ni kama noti 66. Kwa hiyo usipokuwapo upepo wa mbele, ardhi inakuja kwa kasi kuliko mwanafunzi anavyoambiwa na kipimo, naye anapaswa kuinua pua kwa uhakika zaidi. Anayejifunzia mahali baridi pa usawa wa bahari hushtuka akifika hapa.

Hewa hiyohiyo inawabana pia wanaopenda injini moja iliyo rahisi kuliko zote. Injini ya pistoni isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake katika hali hiyo. Ukiweka mwanafunzi, mkufunzi na mafuta ya kutosha, huenda isibaki akiba ya nguvu ya kuelea hewani kwa usalama. Kwa ukanda wa ziwa, injini moja ya turbini ndiyo yenye mantiki. Jeshi la Wanamaji la Marekani limefuata njia hiyo: TH-73A yake, iliyotokana na AW119, ina turbini moja na skrini za kisasa, na inaruhusiwa kuruka ndani ya mawingu kwa kufuata vipimo tu, bila kuona nje. Hoja ya skrini, basi, haihitaji injini mbili.

Mazoezi yenyewe yafanyiwe kwenye nyasi au njia ya kurukia, asubuhi kabla joto halijapanda. Juu ya maji hapafai: ziwa likitulia alfajiri, maji huwa laini kiasi kwamba jicho halina pa kushika, na mwanafunzi anainua pua juu mno au amechelewa. Wingu la nzi wa ziwa nalo likwepwe; mashine ikipita humo, kioo kisafishwe na mdomo wa hewa wa injini ukaguliwe kabla ya safari inayofuata. Winchi, kuelea juu ya maji na injini ya pili vije baadaye, kwa rubani aliyekwisha kushusha helikopta iliyonyimwa nguvu hadi skidi zikagusa ardhi, mara nyingi, akiwa na mkufunzi pembeni.