Umeupata kwa nani?

Waskoti wana tabia moja iliyonikera sana nilipofika Edinburgh, na sasa ndiyo ninayowaonea wivu. Mwimbaji anapanda na gitaa lake kwenye baa, mmekaa mnasubiri aimbe, yeye anaanza maelezo. Huu nimefundishwa na fulani. Fulani naye aliupata kwa bibi mmoja wa Aberdeen. Ubeti wa tatu si wa bibi huyo, nimeuokota kwa mwingine. Watu wametulia na glasi zao wanasikiliza kama wanasomewa wosia. Wimbo wenyewe ukija, dakika tatu umekwisha. Jaribu hivyo kwenye kilabu cha ulanzi pale Iringa uone kama utamaliza sentensi ya pili.

Kazini kwangu, nyumba ya kulea wazee, kuna CD za mpiga gitaa marehemu Bert Jansch, na zamu za usiku ni ndefu, kwa hiyo nimemsikiliza kuliko ninavyowasikiliza ndugu zangu. Alizaliwa Glasgow mwaka 1943, akakulia hapahapa Edinburgh, akafanya kazi ya bustani kabla ya muziki. Gitaa alijifunzia kwenye klabu ya hapa mjini iliyoitwa The Howff, kwa Archie Fisher na Jill Doyle. Huyo Jill alichangia mzazi na Davey Graham, mtunzi wa kile kipande cha "Anji" kilichowahangaisha vidole wapiga gitaa wa Uingereza wote wa enzi zile. Jansch akakirekodi, Paul Simon naye akakirekodi. Albamu ya kwanza ya Jansch ilitoka 1965. Ilirekodiwa nyumbani kwa mtu, London, kwa mashine ya tepu, na kampuni ikainunua kwa pauni 100. Mnaodhani wasanii wa Ulaya wanakula kuku kwa mrija, rudieni hiyo namba.

Sasa angalieni wimbo mmoja tu, "Blackwaterside". Ni wimbo wa zamani, mtunzi wake hajulikani. Mwimbaji Anne Briggs aliupata kwa A. L. Lloyd, mkusanyaji wa nyimbo. Anne akamfundisha Jansch, Jansch akautengenezea mapigo yake ya gitaa na kuutoa 1966. Al Stewart, mwanamuziki aliyekuwa akimfuatilia Jansch, akamwonyesha Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Led Zeppelin. Mwaka 1969 albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ikatoka na kipande kiitwacho "Black Mountain Side", mapigo ni yaleyale, na mtunzi ameandikwa Jimmy Page.

Hapo nasikia mtu anapiga meza. "Si umeona! Na huko wanaibiana!" Wanaibiana, ndiyo. Kampuni ya Jansch ilifikiria kwenda mahakamani ikaacha, kwa kuwa wimbo wenyewe ni wa jadi na kuthibitisha kipi ni chake Jansch kungekuwa kazi. Mimi sijasema Wazungu ni malaika, nalipa kodi ya nyumba kwao, nawajua. Ninachosema ni kwamba mimi, mtoto wa Kihesa, mfua mashuka ya wazee, naweza kukutajia mikono yote ambayo wimbo huo umepitia, na wizi ukitokea njiani unaonekana. Neil Young, mwimbaji wa Kanada, alichukua sauti za wimbo mwingine wa Jansch, "Needle of Death", akazitia kwenye wimbo wake wa 1974. Baadaye alikiri mwenyewe, na mwaka 2010 akamchukua Jansch amfungulie maonyesho yake Marekani. Mwaka uliofuata Jansch alifariki kwa saratani.

Nani anaweza kunifanyia hesabu hiyo kwa wimbo mmoja tu wa ligombo, ala yetu ya nyuzi ya Wahehe?

Kuna babu mmoja wa Kilolo, kwa upande wa mama ni ndugu yetu. Ligombo lake ni ubao uliochimbwa katikati, na waya mmoja mrefu umepitishwa kwenye meno ya ncha hii na ncha ile, unarudi, unakwenda tena, mpaka waya mmoja umekuwa nyuzi kadhaa. Kabla ya kupiga anavuta waya kidogokidogo, anausikiliza kwa kuinamisha kichwa, anatukana kidogo kwa Kihehe, anavuta tena. Akianza, vidole vinamjibu mdomo. Nimewasikia wapiga gitaa wa hapa wanaoshangiliwa mpaka wanaona haya, na nasema bila kupepesa macho: babu angewaketisha chini.

Sasa shirika moja lilikwenda kumrekodi. Wakagawa fulana, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye babu yuko kwenye basi kuelekea Ipogolo, video inaonyesha watu wanacheza porini, na sauti inayoimba ni yake. Maandishi chini: ngoma ya Wahehe. Basi. Akamwambia konda, huyo ni mimi. Konda akamwambia, sawa babu, nauli.

Na hili si la jana. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, ligombo likiwemo, na kanda hizo leo ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Mjukuu wa mpiga ligombo akitaka kusikia enzi za babu zake, aelekee huko.

Najua la pili linalokuja: nyimbo zetu ni za jamii, hazina mwenyewe, wewe umeshalewa ubinafsi wa Kizungu. Anayesema hivyo mara nyingi amekulia mjini. Nenda Dabaga msibani, uliza wimbo unaoimbwa. Utaambiwa katunga fulani, aliutunga alipogombana na shemeji yake kwa ajili ya shamba, na shemeji mwenyewe ni yule pale aliyekaa karibu na mlango. Kijijini mwenye wimbo anajulikana vizuri tu. Anapotelea barabarani, kati ya kijiji na studio.

Tena kutaja watu tunaweza, tukitaka. Bongo fleva, prodyuza anajitaja kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Rayvanny ametoka Mbeya, na watu wa Mbeya hawakuachi upumue kabla hujajua kwamba ametoka Mbeya. Sugu vilevile, tangu hajaota ubunge. Kwaya zetu ndiyo usiseme: jalada linamtaja mwalimu, mpiga kinanda, mtaa, na mchungaji aliyewaazima basi. Ukifika kwa mzee mwenye ligombo, ghafla kalamu zimekauka wino! Hata sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na nyimbo za jadi imezigusa, ila konda hajaisoma na wenye shirika wameisoma wakanyamaza.

"Basi rudi uje urekebishe, mbona uko huko unatusema?" Nirudi kufanya nini? Jambo hili halihitaji mtu wa Edinburgh wala fedha za mradi. Mtangazaji wa redio ya pale Iringa anaweza kulianza kesho asubuhi: mtu akileta wimbo wa kwao, aulizwe ameupata kwa nani na wa kijiji gani, jibu lisemwe hewani ndipo wimbo upigwe. Kama hajui, arudi akaulize, nauli ya Kilolo si ya ndege.

Na wewe mjanja uliyekwisha kuona kwamba jina la babu sijalitaja, tulia. Jina si langu. Ana watoto, nimewapigia, wawili wanataka atajwe, mmoja anataka kwanza ajue nitalipwa kiasi gani kwa kuandika haya, na mkubwa wao hapokei simu yangu mpaka nitume mchango wa harusi ya binti yake.