Nusu Kichwa

Nilikuwa juu. Naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kunicheka. Wiki 5 nilikuwa nalipanda lile jabali la kwenye gemu la kompyuta, na Jumamosi ile, saa nane mchana, nilishavuka ule uchochoro wa mawe, nikavuka rundo la makochi na makabati, nikalivuka hata lile chungwa lililowatoa watu wazima machozi dunia nzima. Theluji niliiona kwa macho yangu.

Gemu lenyewe ni Getting Over It, la mwaka 2017. Mtengenezaji wake ni Bennett Foddy, mtu wa Australia aliyekuwa akifanya kazi ya falsafa vyuoni kabla hajaamua kututesa sisi wengine. Ndani yake kuna baba mmoja kifua wazi, anaitwa Diogenes, kazama hadi kiunoni kwenye sufuria, lile la kupikia pilau la msibani. Miguu huioni. Ana nyundo ndefu, basi. Unasogeza kipanya, nyundo inazunguka, unakwaruza jiwe, unajivuta. Hakuna kitufe cha kuruka wala mahali ambapo ukishafika huwezi kushuka tena. Na gemu linajihifadhi lenyewe muda wote, ili ukizima leo, kesho uikute aibu yako palepale ulipoiacha. Foddy hakumficha mtu: alitangaza mapema kwamba amelitengeneza kwa ajili ya watu wa aina fulani, ili awaumize. Nilisikia hayo, nikajua anawasema wengine.

Karibu na kileleni kuna nyoka. Pembeni yake kuna kibao, Kiingereza chake hata mtoto wa darasa la tatu anakielewa: usipande nyoka. Sikumpanda makusudi, wallahi. Nyundo iliteleza, ikamnasa, na sufuria likaanza kushuka naye kama lori lililokata breki Kitonga.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi. Betri ya laptop yangu ilikufa mwaka juzi. Inaishi kwa waya. Nikawaza: nikikata umeme kabla sijafika chini, gemu halitawahi kuhifadhi. Nikaruka kutoka kitandani, nikashika waya mnene kuliko yote, nikavuta kwa hasira za wiki 5.

Soketi ikatoka na kipande cha ukuta.

Kukawa kimya. Halafu nikasikia kimya kingine, cha upande wa pili wa ukuta.

Hapa inabidi niieleze nyumba yetu. Fremu ya mbele amepanga kinyozi. Umeme wake unapitia chumbani kwangu: kebo inaingia dirishani, inachomekwa kwenye ekstensheni yangu, na Luku tunachangia kwa makubaliano yanayovunjika kila mwisho wa mwezi. Mashine yake inavuma toka asubuhi mpaka usiku, nimeizoea hata siisikii, isipokuwa ikinyamaza.

"Jirani! Luku imeisha?"

Sikujibu. Nilikuwa nimeshika soketi mkononi kama mtu aliyeng'oa jino lisilo lake.

Mlango ukafunguliwa. Kinyozi aliingia kwanza, mashine mkononi. Nyuma yake akaingia baba mwenye nyumba, kitambaa cheupe shingoni. Kushoto kichwa kilikuwa kinang'aa kama sahani ya udongo, kulia nywele za mwezi mzima, mvi zikiwemo. Na mtaa mzima ulijua kwamba saa kumi jioni ile mzee alikuwa anakwenda kumposea mpwa wake. Mshenga ni yeye.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Mzee wetu huyu hata mdeni wake wa miezi mitatu humpa marahaba.

Akaangalia shimo ukutani, akaangalia chokaa iliyomwagika kwenye shuka, akanigeukia.

"Kijana, umepigwa shoti?"

"Hapana mzee. Nimeanguka."

"Kutoka wapi?"

"Mlimani."

Mzee akamtazama kinyozi. Kinyozi akarudi nyuma hatua moja.

Kinyozi, Mungu ambariki, ni mtu wa vitendo. Alishusha swichi kubwa, akazifunga zile nyaya zilizokuwa zikichungulia ukutani, kisha akaenda kuomba umeme kwa Mangi dukani. Alirudi na kebo ndefu yenye tundu moja tu zima. Akaanza kuchomeka mashine.

"Subiri," mzee akasema. "Kwanza nataka kuona hicho kilichonivunjia nyumba."

Laptop ikawashwa. Moyoni bado nilikuwa na tumaini dogo, la kijinga. Gemu likafunguka: Diogenes yupo chini kabisa, pembeni ya maji, mbele yake mti mkavu. Kizuizi cha kwanza. Siku ya kwanza ya wiki ya kwanza.

Nimetazama video nyingi za watu wakianguka kwenye gemu hili. Wapo wanaopiga meza, wapo wanaocheka kicheko cha mtu aliyefiwa, na wapo wanaovua hedifoni polepole na kuondoka bila neno. Siku zote nilidhani mimi nitakuwa wa kundi hilo la mwisho, lenye heshima zake. Nilisema "mama yangu" kwa sauti ambayo Mangi anasema aliisikia dukani.

"Mbona mti wenyewe mdogo?" mzee akauliza. "Hebu lete hicho kipanya."

Akakaa kitandani kwangu, juu ya chokaa. Akazungusha nyundo, akaunasa mti, akapanda, akafika tawi la juu. Akanigeukia na uso wa mtu aliyekwisha kunipandishia kodi. Kugeuka kule kukamponza. Sufuria likabiringita likarudi majini.

Sauti ya Foddy ikaanza kuzungumza. Ndivyo alivyolipanga: ukianguka, anakusomea maneno ya hekima kuhusu kushindwa, taratibu, kama imamu wa redio.

"Huyu Mzungu anasema nini?"

"Anatoa pole, mzee."

"Anatoa pole? Si ndiye aliyechimba shimo?"

Kwa miaka mingi watu wameliandikia gemu hili uchambuzi mrefu. Sijaona aliyelieleza kwa ufupi hivyo.

Akajaribu tena. Akaanguka. Akalaumu kipanya. Akakipangusa kwa kile kitambaa cha shingoni, nywele zikaingia ndani, sasa kipanya kikawa na kosa kweli. Nikamwambia kuna watu wanafika kileleni chini ya dakika 2. Akasema hao wana majini.

Saa tisa na nusu kinyozi alikuwa bado amesimama mlangoni na mashine yake, akikohoa kwa adabu. "Mzee, tundu ni moja. Nikichomeka hii mara moja tu, dakika tano..."

"Ukigusa huo waya, hama fremu yangu."

Saa kumi na robo simu ya mzee ikaita. Akaiweka sikioni, upande wenye nywele, mkono mwingine kwenye kipanya. Niliisikia sauti ya mwanamke ikiuliza mshenga kafika wapi, wenyeji wameshakaa, juisi inapata moto.

"Nipo njiani," mzee akasema, macho hayabanduki kwenye kioo. "Nimefika kwenye mti hapa, kuna foleni kidogo."