Moshi wa Elfu Sitini

Mi nimezaliwa Igogo, hapa Mwanza, nimekulia huko juu kwenye mawe, moshi naujua. Najua moshi wa mkaa mbichi, najua wa kuni zilizonyeshewa, najua wa sangara anayebanikwa, najua hata ule wa ziwani ambao wala si moshi, wale wadudu wadogo wanaopaa jioni kwa wingi mpaka mgeni anauliza kama kuna meli inaungua. Kote huko sijawahi kuona mtu anatoa hela ili apate moshi. Hela inatoka ili moshi uondoke.

Sasa Alhamisi Mama Kulwa ananiambia, Baba Kulwa, sendofu ya mdogo wangu ni keshokutwa, nataka nipakwe smoki aizi. Nikauliza ndo nini hiyo. Akasema macho ya moshi. Nikanyamaza, nikadhani sijasikia vizuri maana kompresa ya gereji huwa inaniachia kelele kichwani hata nikiwa nimeshafika nyumbani. Akarudia. Kumbe keshapita saluni moja mjini, mpambaji kampa bei, elfu sitini, na kope za kubandika aje nazo mwenyewe.

Elfu sitini! Kwa moshi! Mama yangu mzazi kapuliza jiko zaidi ya miaka thelathini, machozi yanamtiririka, kope zimeungua ncha, nani alimlipa hata jero? Na bibi zetu huku Usukumani waliokuwa wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, yale macho mekundu ya moshi ndo yaliwaponza, wakaitwa wachawi, wengine wakakatwa mapanga, na hapo sicheki. Leo serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, nimejibana weee nikanunua mtungi wa gesi, moshi nimeutoa mlangoni, halafu unataka kurudi kupitia machoni kwa elfu sitini.

Ndo nikasema, kwa mdomo wangu huuhuu, "Hiyo si rangi tu? Mi fundi rangi bana, ntakupaka mwenyewe."

Maana ukweli ndo huo. Napiga rangi magari Nyakato huu mwaka wa kumi na moja. Gari lije limeparuzwa na ng'ombe, lije limegongwa na Fuso, fenda imeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno, mi nanyoosha, napiga puti, msasa, praima, rangi, kliya, mwenye gari akija anauliza liligongwa wapi. Sasa jicho ni nini? Jicho halina hata kutu.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniangalia kama sekunde tano hivi halafu akasema "sawa". Mwanamke akikwambia sawa fupi namna hiyo, we mwanaume tafuta pa kukimbilia. Kumbe alikuwa na shida yake, Ijumaa yake alikuwa amepanga kubandika kucha, zile ndefu kama koleo, na kwa kucha zile mtu hawezi kushika hata kijiko cha chai, sembuse brashi. Tena akaniambia kitu cha maana ambacho sikuwahi kukifikiria: jicho lako mwenyewe ni gumu kulipaka, ukilifumba hulioni, ukilifumbua rangi inajificha kwenye mkunjo.

Tukashuka Makoroboi, kiboksi cha aishedo, ile rangi ya unga ya kupaka juu ya jicho, rangi kumi na mbili elfu saba, brashi tano elfu nne, maskara elfu tatu. Kumi na nne jumla. Nikawa natembea kifua mbele, nimeokoa elfu arobaini na sita.

Jumamosi saa tisa mchana tukakaa chumbani. Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, kuna dada kwenye video anafundisha. Na wallahi yule dada alipofungua mdomo tu nikajiona niko kazini. Neno la kwanza: praima. Nikamwambia Mama Kulwa umesikia? Praima! Anasema ngozi ya juu ya jicho ina mafuta, ukipaka rangi bila kuishika na kitu itateleza ijikusanye kwenye mkunjo. Si ndo hivohivo fenda ikiwa na grisi! Praima yenyewe hatukuwa nayo, tukapaka konsila kidogo, ile krimu ya kufichia madoa, na poda juu. Kisha anasema anza na rangi nyepesi, kahawia, kwenye mkunjo, halafu nzito zaidi, nyeusi iwe ya mwisho tena karibu na kope, usianze na nyeusi maana nyeusi ukiishaiweka haitoki. Nikapiga paja. Hata sisi mtu akileta gari jeupe anataka jeusi ni raha, akileta jeusi anataka jeupe namwambia kaa tuongee.

Halafu anasema peleka brashi kama waipa. Kama waipa! Kulia kushoto, kulia kushoto, mpaka usione rangi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hapo ndo kwenye kazi yote, moshi hauna mpaka, ukiona mstari huo si moshi, ni lami. Na mi kuficha mpaka ndo ninacholia chakula, ukibadilisha mlango mmoja wa gari lazima rangi uitambaze hadi kwa jirani yake, la sivo mlango utaonekana umeazimwa.

Nikapiga waipa ya nguvu. Aisee jicho la kulia lilitoka. Lilitoka jamani, acha nijisifu maana hakuna mwingine atakayenisifu. Chini nyeusi, inapanda inakuwa kahawia, inapotelea kule juu kama moshi wa nyumba ya mbali. Mama Kulwa akajitazama kwenye kioo, akasema "mh". Ile mh ilikuwa na thamani ya elfu thelathini, nusu ya bei, jicho moja.

Matatizo yakaanza na tepu. Dada wa video kasema bandika tepu pembeni ya jicho ili ncha itoke imenyooka. Mi nikatoa masking tepu yangu ya gereji kwa fahari kabisa. Kabla hajamaliza sentensi yake nimeshabandika, na sentensi yenyewe ilikuwa inasema anza kuigundisha nyuma ya mkono ipungue gundi. Nilipoivuta ikaja na mkia wa nyusi. Si wote, robo. Mama Kulwa akatoa sauti ambayo Kulwa na Doto waliokuwa wanacheza nje wakaacha kucheza.

Nikamwambia itachorwa. Akasema chora. Nikasema tumalize kwanza jicho la pili. Na hapohapo bando likakata. Halafu, maana shida huwa haiji mwenyewe, umeme nao ukaenda. Pazia tumeshusha, majirani wasituchungulie, chumba kikawa giza kama tumbo la ngalawa. Jicho la kushoto nililifanya kwa tochi ya simu na kwa kukumbuka.

Hapa niwaambie siri ya ufundi wetu. Gari lina pande mbili, lakini hakuna binadamu anayeweza kuuona mlango wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja. Ukikosea kidogo upande mmoja nani atajua? Azunguke gari lote huku amekariri? Sasa uso, jamani, nani alipanga uso? Macho mawili, yamewekwa sambamba, katikati kuna pua tu, kila anayekuja anayaona yote mawili kwa mpigo. Mi nina watoto pacha, Kulwa na Doto, mpaka leo nawachanganya mgongoni. Yale macho ya mama yao yalikuwa Kulwa na Doto wa baba tofauti.

La kushoto lilikuwa jeusi zaidi. Nikaongeza la kulia lifanane. La kulia likazidi. Nikarudi kushoto. We unajua kinyozi anavyosawazisha denge mpaka unabaki upara? Ndo hivo, ila yeye anapunguza, mi nilikuwa naongeza, nyeusi inapanda tu, inapanda, ikakaribia nyusi, na ya upande ule wa robo ikavuka kabisa kwa kuwa hakukuwa na mpaka wa kuizuia.

Na kosa lingine tulishalifanya tangu mwanzo, uso ulikuwa tayari, faundesheni imepakwa, imetulia, inang'aa. Kumbe macho yanapakwa kwanza! Ile aishedo ni unga, unadondoka, kila waipa moja mashavu yananyeshewa masizi. Nikayafuta kwa kiganja. Masizi hayafutwi kwa kiganja jamani, yanasambazwa. Mi mwenyewe gereji nawafokea vijana wasipige msasa karibu na gari lililokwisha pigwa rangi, halafu nyumbani nafanya yaleyale.

Umeme ukarudi saa kumi na moja. Tukaangaliana. Sikusema kitu, naye hakusema kitu. Nikajikuta natamka neno "tina". Mazoea tu jamani, kazini rangi ikigoma tunaosha na tina, lilinitoka tu. Namshukuru Mungu zile kucha zilikuwa bado hazijazoea kushika vitu.

Kilichotuokoa ni mafuta ya nazi. Maskara ya elfu tatu imeandikwa haiingii maji, na kweli haiingii, tumeosha kwa maji na sabuni ikawa inatucheka, lakini kwa mafuta iliyeyuka yenyewe ikashuka. Tukafuta kila kitu, tukakausha vizuri maana mafuta yakibaki rangi haishiki, tukaanza upya, sasa kwa adabu: macho kwanza, pazia limefunguliwa, rangi tunaiangalia kwa jua. Hilo la jua nililisema mi, rangi haihukumiwi chini ya taa, taa ni mwongo. Na nikabuni jambo, nikawa nafanya hatua moja kulia, hatua hiyohiyo kushoto, sio kumaliza jicho zima ndo uhamie lingine. Saa kumi na mbili na nusu tumemaliza. Mabega yananiuma kuliko siku niliyopiga rangi basi.

Kutoka kwetu mpaka barabarani ni ngazi za mawe, bodaboda haipandi, Mama Kulwa anashuka viatu mkononi, mi nyuma namulika, na kila jirani tunayempita anasema "heee". Sijui ilikuwa heee ya namna gani, sikuuliza.

Ukumbini tukaingilia mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele bi harusi mtarajiwa alikuwa anajiandaa kuingia. Kule nyuma ndo wanapika, masufuria ya pilau yanaweza kukaa mtu, kuni zinafuka. Mpishi mmoja mama mtu mzima akamwangalia mke wangu kwa huruma ya kweli kabisa akasema, "Pole dada, njoo ukae huku, upepo umegeuka." Akampa na kitambaa afute macho. Nikamvuta mkono haraka tukapita. Ndani tu tukakutana na mama mkwe. Nikapiga shikamoo na kuangalia chini kama inavyotakiwa. Akajibu marahaba, kisha kimya, kisha nikasikia anamuuliza mwanae taratibu, "Mwanangu, gesi imeisha?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Maana huyu mama ndiye aliyetuchangia hela ya mtungi.

Lakini ngoja. MC akazima taa kubwa, zikawaka zile za zambarau na bluu, bi harusi mtarajiwa akaingia, picha zikaanza. Na taa zile ni waongo kama nilivyosema, ila safari hii waongo wa upande wetu. Picha zikarushwa kwenye grupu la familia ukumbi bado umejaa. Mashangazi wakaanza: nani kakupamba? Umepambwa wapi? Wamechaji bei gani? Mama Kulwa anasema kuna fundi wangu. Fundi nimekaa meza ya pembeni napambana na paja la kuku, nimeuchuna kama sijui kitu.

Sasa harusi yenyewe ilikuwa wiki mbili baadaye, na siku tatu kabla mke wangu akapigiwa simu akaenda kuongelea uani. Karudi anacheka mpaka anashika ukuta. Mama anataka. Mama gani? Mama yangu. Anataka nini? Ile ya gesi imeisha.

Jamani. Mkwe! Mi yule mama hata kumpa mkono huwa nainama mpaka mgongo unalia, sijawahi kumtazama usoni kwa zaidi ya muda wa shikamoo, leo nimshike kope? Kwa mila ya nani? Nikasema haiwezekani, ng'ombe nilizotoa zitanirudia zenyewe kwa miguu. Lakini yeye keshasema, na mkwe hakataliwi.

Basi siku ya harusi asubuhi mama mkwe kakaa chumbani kwetu kwenye kiti, kafumba macho. Amekuja na wanja wake wa zamani kwenye kichupa, nikaomba kwa heshima zote usitumike, maana wanja ule wa jiwe mara nyingi ukipimwa unakutwa na madini ya risasi, risasi ileile waliyokuwa wanaitia kwenye petroli mpaka dunia nzima ikaja kuiacha 2021, Algeria wakiwa wa mwisho, sasa hata magari tumeyaonea huruma. Akaguna, akakirudisha kwenye pochi. Mke wangu ndo kashika brashi, kucha kakata. Mi niko nje ya mlango, nimewapa mgongo, nimeshika kioo kidogo cha gereji naangalia kwa nyuma ili nisimtazame mtu usoni, natoa maelekezo kama tingo anayerudisha Fuso kwenye uchochoro.

"Njoo nayo... njoo... kata kulia kidogo... waipa, waipa... njoo... hapohapo, simama! Sasa hama, nenda kushoto."